Nafua, napiga pasi, nanunua mapya, na bado naambiwa sijapangika. Ninakosea wapi?

Kijana wa Ndosho (Goma)

Salamu kwenu nyote. Naandika nikiwa na haya kidogo, lakini nimeona afadhali niulize kuliko kuendelea kukisia.

Nina miaka 26, naishi Ndosho, hapa Goma. Tangu mwezi wa tatu nimepata kazi ya mapokezi kwenye biro (ofisi) moja kule Himbi, kwa hiyo kila anayeingia ananiona mimi kwanza. Wiki iliyopita mkubwa wangu wa kazi aliniita, akafunga mlango, akaniambia kwa upole: "Wewe si mchafu, najua unaoga. Lakini ukisimama pale mbele unafanana na mtu aliyeamshwa sasa hivi." Sikuwa na la kujibu. Nilirudi kwenye kiti changu, nikajitazama kwenye simu, sikuona kosa lolote.

Nina mashati sita. Mawili nilinunua mapya, manne ni ya chagua (mitumba) lakini ni mazuri, ya pamba. Suruali tatu, nazo za chagua. Viatu vyeusi vya ngozi, pea moja. Koti moja jipya kabisa la dola 35, nilikopa ili nilinunue. Nafua Jumamosi kwa maji ya ziwa, na mashati meupe nayatia javel (dawa ya kutakatisha nguo) nyingi yatakate. Pasi napiga usiku: umeme ukiwepo napiga zote haraka haraka, ukikatika naazima pasi ya makala (mkaa) kwa jirani. Nikimaliza natundika shati kwenye msumari ukutani. Asubuhi navaa, napanda pikipiki, nafika Himbi saa mbili kasoro robo. Vumbi likinikuta njiani nalowesha mkono najifuta. Marashi napuliza ya kutosha. Nywele nakata mara moja kwa mwezi, mshahara ukitoka.

Sina pesa ya nguo nyingine mpaka deni la koti liishe. Kwa hivi nilivyo navyo, ni nini cha kurekebisha? Niambieni bila kunificha.

Motari wa Majengo (Goma)

Ndugu, mimi nabeba watu wa biro kila asubuhi, na nawajua wanaofika safi. Kuna mwalimu mmoja nampeleka Katindo. Kila siku anapanda akiwa amevaa raba za zamani, viatu vya kazi viko kwenye mfuko wa kitambaa. Juu ya shati anavaa koti la mvua, amelifunga mpaka shingoni, hata jua likiwaka. Suruali amekunja mara mbili na kuiingiza ndani ya soksi. Akishuka anajikung'uta, anabadilisha viatu, anakunjua suruali, anaingia. Ukimwona mlangoni utasema alishushwa na gari. Ndugu, usije na viatu vya kazi miguuni kwenye pikipiki. Vumbi letu la lava, yaani mawe ya volkano, linapanda kutoka kwenye gurudumu la nyuma linakukuta kisiginoni, na wewe huwezi kulijua kwa sababu huoni visigino vyako.

Mama wa Pasi (Birere, Goma)

Mwanangu, maneno yako nimeyasoma mara mbili. Mimi nafua na kupiga pasi nguo za watu hapa Birere. Nilianza mwaka 2002, miezi michache baada ya lava ya mlima Nyiragongo ya Januari kupita katikati ya mji mpaka ziwani na kuchukua nyumba yetu. Shangazi yangu aliniazima pasi moja ya makala, na pasi hiyo ndiyo iliyolisha watoto. Nguo za maharusi zimepita mikononi mwangu, na za wanasheria, na za mapadri, kwa hiyo nikikuambia jambo nimeliona.

Mkubwa wako amesema kweli, na amekuheshimu kwa kufunga mlango. Kosa lako haliko katikati ya nguo, liko kwenye kingo. Jicho la mtu halikai kifuani pako. Linakimbilia pale nguo inapoishia: kola, mwisho wa mkono wa shati, pindo la suruali, ukingo wa soli, pale nywele zinapokutana na shingo. Kingo zikilegea, mtu anaona ulegevu mwili mzima, na ukimwuliza ameuona wapi hawezi kukuonyesha. Ndiyo maana ulijitazama kwenye simu ukakosa kosa. Simu inakuonyesha uso tu.

Nianze na huo msumari, maana ulinichoma nilipousoma. Shati lililopigwa pasi bado lina joto na unyevunyevu, na uzi wa pamba unashika umbo unapopoa. Ukilitundika kwenye msumari likiwa la moto, kola inavutwa nyuma na kupoa hivyo, inatoa kinundu. Asubuhi unakivaa hicho kinundu nyuma ya shingo, na kila anayesimama nyuma yako anakiona isipokuwa wewe. Tafuta vitundikio, hata vya waya, uvizungushie kitambaa mabegani ili visitoboe wala kuacha kutu. Funga kifungo cha juu na cha tatu, liache lipoe. Na ukipiga pasi asubuhi, usivae papo hapo. Lipe dakika tano. Shati la moto ukilivaa na kukaa nalo kwenye pikipiki, kila mkunjo wa tumbo unapigwa pasi na mwili wako wewe mwenyewe.

Sasa pasi yenyewe. Umesema unapiga zote haraka haraka. Bora upige mbili vizuri. Pamba haitaki kupigwa ikiwa kavu. Inatakiwa iwe na unyevu kama jani la asubuhi: ukilishika unahisi ubaridi lakini mkono haulowi. Mimi nanyunyizia maji kwa vidole, nakunja shati kama mkate, naliacha nusu saa ndani ya taulo ili unyevu uenee sawasawa. Hapo pasi moja tu inatosha. Likiwa kavu utalipiga mara tano na makunyanzi yatabaki, na nguvu unayotumia ndiyo inayotia ule mng'ao kwenye suruali zako. Suruali nyeusi igeuze ndani nje, au uweke kitambaa chenye unyevu katikati ya pasi na suruali.

Anza na kola, upande wa chini, ule usioonekana. Toka kwenye ncha uje katikati. Ukitoka katikati kwenda kwenye ncha, unasukuma kitambaa cha ziada mpaka kinakusanyika kule mwisho, na ncha inapata kamkunjo kadogo kama sikio la kitabu. Kamkunjo hako kakishaungua hakatoki mpaka ulifue tena. Geuza, upande wa juu vivyo hivyo. Halafu miisho ya mikono, mikono, mabega, mgongo, na kifua mwisho kabisa, kwa sababu kifua ukikitanguliza utakikunja tena wakati unageuza mikono. Kati ya kifungo na kifungo ingia na ncha ya pasi. Usipite juu ya vifungo.

Pasi ya makala haina kipimo, kwa hiyo lazima uisome. Ndani ya shati, kwenye lebo, kuna picha ya pasi yenye nukta. Nukta moja ni digrii 110, mbili ni 150, tatu ni 200. Pamba inavumilia tatu, poliesta inataka moja au mbili. Mimi naweka pasi juu ya gazeti nikihesabu mpaka tano. Gazeti likigeuka rangi ya chai, hata pamba isubiri. Kabla ya kugusa nguo ya mtu, napitisha pasi kwenye jani bichi la mgomba: linasafisha chini na kuifanya iteleze. Na majivu uyapulizie nje, ukiyapa mgongo mashati yaliyosafishwa. Nimewahi kupuliza nikiwa nimegeukia kamba ya nguo, nikafua upya gauni la bibi harusi saa nne ya usiku, nalia.

Javel, mwanangu, acha. Jasho la mtu likikutana na javel, pale kwapani na kwenye kola, panageuka njano zaidi badala ya kutakata. Poliesta nayo inakuwa njano. Halafu javel inakula uzi, ndiyo maana kola zinaanza kutoa ndevu kabla shati halijazeeka. Uchafu wa kola ni mafuta ya shingo. Paka sabuni ya mche juu yake pakiwa na unyevu kidogo, sugua taratibu kwa mswaki laini, acha robo saa, ndipo uloweke shati lote. Kwapani weka uji wa magadi ya keki na maji, usiku mmoja.

Na maji yako ya ziwa yana chumvi chumvi yake. Sabuni haitoki yote, inabaki kwenye nguo kama ukungu, na meupe yanakuwa ya kijivu pole pole mpaka mtu anadhani hujui kufua. Fulia kwa maji ya ziwa kama huna mengine, lakini suuza ya mwisho itumie maji ya mvua. Acha kwanza yale ya mwanzo yanayoosha bati na majivu ya mlima, ndipo ukinge. Kama hakuna mvua, kijiko cha siki kwenye ndoo ya mwisho kinasaidia, na harufu ya siki inaisha nguo ikikauka.

Vumbi usilifute kwa mkono uliolowa. Hapo ndipo unapojiharibia kila asubuhi. Vumbi la Goma ni jiwe lililosagwa. Likiwa kavu linatoka kwa brashi na kupigwa na mkono. Ukililowesha unalitengenezea tope na kulisukuma ndani ya uzi, na ile alama ya vidole inakaa mpaka Jumamosi. Weka brashi ndogo ya nguo kwenye mfuko wako. Brashi kwanza, kutoka juu kwenda chini. Maji baadaye, kama bado kuna doa.

Kuhusu koti la dola 35, niruhusu nikuulize: nyuma, pale chini lilipopasuliwa, kuna uzi umeshonwa kama msalaba? Na kwenye mkono wa kushoto kuna kilebo kimeshikwa kwa nyuzi nne? Kama vipo, vitoe leo, kwa mkasi mdogo, usivute. Msalaba ule ni wa kiwandani, unashika koti lisijikunje safarini. Vijana wengi hapa wanauacha wakidhani ni urembo, na kilebo wanakiacha watu wasome jina. Mtu anayejua nguo akiviona, anajua hukujua. Mifuko ya nje huenda nayo imeshonwa. Hiyo iache kama ilivyo, koti litakaa bapa. Na kifungo cha chini kabisa cha koti hakifungwi.

Suruali za chagua zilikatiwa watu wengine. Nina hakika zako zinakusanyika juu ya viatu kama pazia, na kisigino kinakanyaga pindo, limeanza kuliwa. Mpelekee fundi. Pindo liguse kiatu, likunjike kidogo mara moja tu. Mikono ya shati iishie kwenye mfupa wa kifundo cha mkono, pale unapovalia saa. Hizo ni kazi za robo saa kwenye cherehani ya kukanyaga, wala hazina bei kubwa. Siku nyingine ukienda sokoni Virunga kuchagua, tazama bega kwanza. Mshono wa bega ukae juu ya mfupa wa bega. Urefu unakatwa, kiuno kinapunguzwa, lakini bega lililoanguka kulirekebisha ni kufumua shati zima, na fundi mwema atakuambia uliache.

Viatu. Watu wanapaka dawa ya viatu juu ya ngozi wanasahau soli. Chukua mswaki wa zamani, safisha pale ngozi inaposhonwa na soli, maana vumbi jeusi likikaa hapo kiatu chote kinaonekana kimechoka hata kikiwa kinang'aa. Ukingo wa soli nao upake dawa. Kamba zifue. Dawa ukiipaka iache ikauke kama dakika kumi ndipo upige brashi. Ukipiga ikiwa mbichi, unaiondoa tu. Mawe yetu ya lava yanakula kisigino upande wa nje. Kikianza kulala upande, na wewe unasimama umelala. Fundi viatu akupigilie kipande cha mpira wa tairi mapema, kabla soli yenyewe haijaliwa. Mvua ikikunyeshea, jaza magazeti ndani na uviache mbali na mbabula (jiko la makala). Ngozi iliyokaushwa kwa moto inapasuka, na gundi inaachia.

Mwisho, toa simu, funguo na kitita cha franka kwenye mifuko ya suruali kabla hujasimama mbele. Nunua kimfuko cha mkononi.

Marashi na nywele nawaachia vijana wenzako.

Kinyozi wa Kadutu (Bukavu)

Mama amesema yote ya nguo, heshima kwake. Mimi naongeza ya kichwa, ndiyo kazi yangu.

Mdogo wangu, kukata nywele mara moja kwa mwezi si kosa kama unajua kutunza mstari. Nywele zetu zikifika wiki ya pili, juu bado ni nzuri, ila shingoni na nyuma ya masikio zimeanza kutambaa kuingia kwenye kola. Mwombe kinyozi wako akusafishe mstari tu, wiki ya pili. Ni dakika tano, wengi wetu tunatoza kidogo, na mteja wa kila mwezi mimi simtozi kabisa. Mwambie asikupandishe mstari wa mbele kila mara ili uonekane umenyooka. Anakula nywele za paji lako pole pole, na nywele zikiota katikati ya wiki unaonekana una vivuli viwili.

Ndevu: kama una vipele shingoni, acha wembe unaokwangua mpaka ngozi. Unywele uliojikunja ukikatwa chini sana unageuka na kuingia ndani ya ngozi, na hapo panavimba. Nyoa kuelekea unywele unakoota, baada ya kuoga maji ya moto, au tumia mashine uache ndevu fupi kama mchanga. Vipele usivitumbue, vinaacha weusi ambao utakaa miezi. Na tafadhali usikimbilie zile krimu za kung'arisha ngozi zinazouzwa bila maelezo. Nyingine zina zebaki, na zebaki inaharibu figo. Nimeona shingo za wateja wangu zimegeuka rangi mbili, na hakuna nywele nitakayoikata ikaficha hiyo.

Mafuta yapake mwili ukiwa bado na unyevu, ndani ya dakika chache baada ya kujifuta. Yanafungia maji ndani ya ngozi. Ukipaka kwenye ngozi iliyokwisha kukauka, unang'aa saa moja halafu viwiko na vifundo vya vidole vinarudi kuwa kama vimepakwa unga. Wewe uko mapokezi, unapokea karatasi na kutoa kalamu siku nzima. Watu wanatazama mikono yako kuliko uso. Kucha ziwe fupi, zote urefu mmoja, na chini yake pawe safi. Ile moja ndefu ya kidole cha mwisho, kama unayo, ikate.

Marashi "ya kutosha" ndiyo mengi. Yakichanganyika na jasho la jana kwenye shati ulilorudia, yanakuwa harufu ya tatu ambayo si yako wala si ya chupa. Mara mbili, kwenye ngozi safi, kabla ya shati. Na vaa singleti ndani.

Kijana wa Ndosho (Goma)

Mama, aksanti sana. Nimeenda kulitazama koti sasa hivi. Msalaba upo. Kilebo kipo. Nimevaa hivyo miezi mitatu. Nimevitoa kwa mkasi wa dada yangu, mikono inatetemeka nisikate koti.

Mkubwa wa Kadutu, kucha ile ilikuwepo, nimeikata.

Mama, swali moja. Muda. Natoka nyumbani saa moja na robo, na umeme siujui utakuja saa ngapi. Nawezaje kupiga pasi vizuri namna hiyo kila siku?

Mama wa Pasi (Birere, Goma)

Si kila siku. Jumapili mchana, baada ya misa, washa makala mara moja na upige mashati matano ya wiki, moja moja, bila haraka. Makala ya pasi moja yanakutosha kama nguo umezilowesha unyevu mapema. Suruali, mbili tu: unapokezana, na ile uliyovua itundike kwa pindo, kichwa chini, uzito wake wenyewe unanyoosha. Usivae suruali moja siku mbili mfululizo, magoti yake hayapati nafasi ya kurudi.

Usiku una kazi ya dakika tatu: brashi kwa koti, mswaki kwa viatu, na kutazama kama kuna kifungo kinacholegea. Kifungo kinachoning'inia kishone usiku huo huo. Kesho yake utakidondosha Ndosho, na kifungo kinachofanana nacho hutakipata soko zima.

Mwalimu wa Katuba (Lubumbashi)

Nimesoma kutoka mbali huku Lubumbashi na nimejiona. Kwetu si vumbi jeusi, ni jekundu, na kiangazi kikianza mwezi wa tano linaingia mpaka ndani ya sanduku lililofungwa. Wekundu huo ni kutu ya chuma iliyo kwenye udongo, kwa hiyo shati jeupe likilowa nalo, javel haiondoi hata kidogo. Mama amesema kweli: brashi kavu kwanza. Doa likibaki, mimi natumia ndimu na chumvi, naanika juani, kisha nasuuza sana.

Nafundisha, kwa hiyo juu ya vumbi nina na chaki. Nilikuwa navaa sketi nyeusi, na kila kipindi alama ya mkono wangu ilibaki pajani. Nilihamia kikwembe (kitenge) chenye maua madogo na rangi ya udongo, na wanafunzi waliacha kunitazama sketi. Kuna siku suluhisho ni kuchagua rangi inayopatana na vumbi la mji wako. Kijana, kwa vumbi la Goma kijivu cha kati kitakusaidia kuliko nyeusi. Nyeusi inaonyesha kila chembe.

Marehemu papa alifanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi, na kila Jumapili jioni alipanga viatu vya nyumba nzima kwenye gazeti, vyetu sote saba, kuanzia kidogo kwenda kikubwa. Alisafisha soli kabla ya juu. Nilidhani ni tabia ya wazee. Juzi nimejikuta nafanya vile vile, na gazeti limetandikwa upande ule ule wa mlango.

Midomo: kiangazi inapasuka. Gliserini peke yake inavuta maji kutoka kwenye mdomo wenyewe hewa ikiwa kavu. Ichanganye na maji kidogo, halafu juu yake upake vazelini.

Kijana wa Ndosho (Goma)

Ni wiki tatu sasa, narudi kuwaambia. Pindo za suruali mbili zimekatwa, ya tatu fundi alisema hairekebishiki bila kuifumua yote, nimempa mdogo wangu ambaye inamtosha. Visigino vimepigiliwa tairi, na sasa nasikia hatua zangu zikiwa sawa kulia na kushoto. Naja na raba, nabadilisha kwa mlinzi getini. Mlinzi mwenyewe ameanza kuniwekea kiti.

Mkubwa wangu hajasema kitu. Ila jana alinituma nikampokee mgeni nje ya biro kwa niaba yake, jambo ambalo hakuwahi kunituma.

Mama, nilijaribu kutia wanga kwenye kola ya shati la bluu, nilipika unga wa muhogo kama uji. Lilipokauka likatoa vipande vyeupe kama mba. Nimelifua, vimetoka, lakini sijui kosa langu.

Mama wa Pasi (Birere, Goma)

Ulitia mzito, na hukuchuja. Kijiko kimoja cha unga, kikoroge kwanza kwenye maji baridi mpaka pasiwe na donge, ndipo umimine kwenye nusu lita ya maji yanayochemka, ukikoroga mpaka weupe uondoke na uji uwe unaona kupitia kwake kama maji ya ukungu. Chuja kwa kitambaa chepesi. Kola iwe imelowa tayari unapoichovya. Kola kavu inanyonya wanga mahali na kuacha mahali. Kamua, ipapase kwa taulo, ianike kivulini, na uipige pasi ikiwa bado na unyevu, upande wa ndani kwanza. Kwenye rangi ya bluu fanya mwepesi zaidi kuliko kwenye nyeupe, nusu ya kijiko.

Kijana wa Ndosho (Goma)

Nusu kijiko, nimeandika. Jumapili nalirudia lile la bluu.